Dau Liwe Kiasi Gani? Hisabati ya Karata Nzuri Iliyo Hatarini

Mtu anayefika Saadani katika siku za mwisho za Februari, upepo wa kaskazi ungali unavuma na ardhi imekauka, huona majaruba ya chumvi yakimeremeta kwa weupe mpaka macho yakauma. Jaruba lililokomaa ni mali iliyo tayari: kilichobaki ni kukwangua chumvi, kuirundika na kuitia magunia. Hata hivyo ni mali iliyolala wazi chini ya mbingu. Masika yako mlangoni, na wingu moja likitokea upande wa Unguja laweza kuipunguza mali hiyo kabla mwenyewe hajawaita vibarua. Jaruba likiachwa juani juma moja zaidi, tabaka la chumvi litanenepa; likinyeshewa, litayeyuka. Je, mwenye jaruba afanye nini?

Watu wengi hulijibu swali hili kwa neno moja: avune, au angoje. Hoja yangu katika makala hii ni kwamba jibu la neno moja halitoshi. Swali linalofaa kuulizwa ni hili: avune kiasi gani, na aache kiasi gani? Swali hilohilo humkabili mcheza karata aliyeshika karata nzuri ambazo bado zaweza kupitwa na za mwenzake. Hisabati inalo jibu la swali hili, na jibu hilo yafaa lifundishwe katika shule zetu za sekondari, kwa sababu vijana wetu wanaulizwa swali hili kila siku na simu zao, na wengi wao hawajaandaliwa kulijibu.

Ifahamike tangu mwanzo kwamba siandiki kuisifu kamari. Dini zetu zimeikataza, na wazee wa pwani wameionea haya tangu zamani. Mimi sina ugomvi nao. Lakini elimu ya uwezekano yenyewe ilipata kukua kutokana na maswali ya kamari. Mwaka 1654 Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua juu ya namna ya kugawana dau la mchezo uliokatizwa kabla ya kwisha. Leo elimu hiyo inatumika katika bima, katika tiba, katika kilimo na katika utabiri wa hali ya hewa. Karata basi ni mfano tu, na ubora wake ni kwamba idadi yake inajulikana: ni 52, hazipungui wala hazizidi.

CHUMVI NA MVUA

Tuanze na jaruba, ili tujue hatari yake ni ya kiasi gani. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi za aina mbalimbali, na sehemu kubwa ya hizo ni chumvi ya kawaida ya kula. Maji ya bamvua huingizwa katika majaruba ya kwanza, kisha huhamishwa kutoka jaruba hadi jaruba huku jua na upepo vikiyapunguza. Chumvi ya kula haianzi kuganda mpaka maji yapungue na kubaki kama sehemu moja ya kumi ya kiasi cha awali. Ndiyo kusema kwamba siku nyingi za jua hupita kabla ya punje ya kwanza kuonekana. Anayeliona jaruba jeupe anaona kazi ya majuma mengi.

Mvua je? Lita moja ya maji baridi yaweza kuyeyusha gramu 360 hivi za chumvi. Mvua ya milimita 20, ambayo katika masika ya pwani si ajabu kunyesha kwa siku moja, huleta lita 20 katika kila mita ya mraba. Lita 20 zaweza kuyeyusha kilo 7 hivi. Kama tabaka la chumvi lina kilo 14 katika kila mita ya mraba, mvua moja ya namna hiyo yaweza kuondoa nusu yake. Ni kweli kwamba maji ya mvua ni mepesi kuliko maji ya chumvi, nayo huelea juu yake kwa muda. Mwenye jaruba aliye mwepesi aweza kuyafungulia njia yakatoka kabla hayajachanganyika. Lakini upepo ukivuma, au mvua ikinyesha usiku wa manane, nafasi hiyo hupotea.

Hali ya jaruba hili ndiyo ninayoiita karata nzuri iliyo hatarini. Ni nzuri, kwa kuwa katika siku nyingi itashinda. Iko hatarini, kwa kuwa lipo jambo moja mahsusi, linalojulikana, ambalo likitokea litaigeuza.

SOMO LA KWANZA: DAU DOGO MNO

Nilipokuwa masomoni ng'ambo, wenzangu katika bweni walikuwa wakicheza poka usiku wa Jumamosi, na kwa kuwa sote tulikuwa mafukara, dau letu lilikuwa njiti za kiberiti. Huko ndiko nilikojifunza kwamba mwenye karata nzuri aweza kupoteza kwa kuogopa kama vile awezavyo kupoteza kwa tamaa.

Chukua mfano huu. Kila mchezaji ana karata mbili za siri, na karata nne zimefunuliwa katikati ya meza kwa ajili ya wote. Imebaki moja kufunuliwa. Wewe umeshika ree mbili, karata nzuri sana. Lakini kati ya zile nne za mezani, mbili ni kopa, na mwenzako ameshika kopa mbili. Akipata kopa ya tano, atakuwa na karata tano za aina moja naye atakushinda. Kopa ni 13 katika seti. Nne anaziona, zimebaki 9. Karata asizoziona yeye ni 52 toa 6, yaani 46. Uwezekano wa kopa kufunuliwa ni 9/46, karibu 0.20. Katika rundo la katikati kuna njiti 60. Wewe uweke ngapi?

Ukiweka 10, mwenzako anatakiwa kulipa 10 ili ashindanie 70. Wastani wake ni 9/46 × 70 toa 37/46 × 10, na jibu ni faida ya njiti 5.7 hivi. Umemuuzia nafasi ya kukushinda kwa bei ya chini ya thamani yake. Ukiweka 30, analipa 30 ili ashindanie 90. Wastani wake ni 9/46 × 90 toa 37/46 × 30, nayo ni hasara ya njiti 6.5 hivi. Mpaka wenyewe uko kwenye njiti 19 na kidogo: chini ya hapo anafaidi kukufuata, juu ya hapo anapata hasara. (Naacha kando madau ya raundi ya mwisho, ili hesabu isije ikatuchosha.)

Je, basi uweke 300 umfukuze kabisa? La. Ukiweka 300 wote wenye karata hafifu, ambao wangekulipa, watakimbia. Atakayebaki ni yule tu ambaye tayari amekwisha kukushinda, pengine mwenye karata tatu za namna moja ambaye amekuwa akikuvizia kimya. Utakuwa umehatarisha njiti 300 kwa ajili ya kujipatia 60. Kwa hiyo ubora wa karata zako ndio unaokuambia uweke dau. Udhaifu wake ndio unaokuambia uweke kiasi gani. Hapo katikati, baina ya woga na tamaa, ndipo penye akili.

SOMO LA PILI: DAU KUBWA MNO

Ipo tofauti moja kubwa kati ya karata na jaruba. Mpinzani wa karata ni mtu. Aweza kutishika, aweza kukimbia. Mvua haitishiki. Mwenye jaruba hana namna ya kuitoza mvua bei ili isije. Kwake limebaki swali moja tu: aiachie mvua sehemu gani ya mali yake?

Nitatumia namba za mfano ili hesabu ionekane. Tuseme jaruba likiachwa juma moja bila mvua, chumvi yake itaongezeka kwa 30 katika 100. Mvua ikinyesha, itapungua kwa 50 katika 100. Tena tuseme uwezekano wa mvua katika juma hilo ni 0.3. Mwanafunzi aliyefundishwa wastani atakokotoa hivi: 0.7 × 1.3 + 0.3 × 0.5 = 1.06. Wastani ni faida ya 6 katika 100. Kwa hiyo atasema: angoje, asivune hata jaruba moja. Hivyo ndivyo vitabu vingi vinavyomwelekeza, naye atapata alama zake zote.

Lakini mwenye majaruba hachezi mara moja. Fedha za chumvi ya sasa ndizo zitakazolipa vibarua, zitakazojenga tena kingo zilizobomoka na zitakazonunua magunia ya raundi ijayo. Akipoteza nusu leo, raundi ijayo ataanza na nusu. Tumpe basi raundi kumi, saba za jua na tatu za mvua, kama uwezekano wetu unavyotarajia, naye aanze na mtaji wa 100. Katika kila raundi ataacha wazi sehemu fulani ya mali yake na kuvuna iliyobaki. Mwishoni atakuwa na:

Akivuna yote mapema: 100
Akiacha sehemu 2 katika 10: 110
Akiacha sehemu 4 katika 10: 113
Akiacha sehemu 6 katika 10: 109
Akiacha sehemu 8 katika 10: 97
Akiacha yote: 78

Namwomba mwalimu asiyeamini azikokotoe mwenyewe. Aliyeacha yote atapata 1.3 ikizidishwa yenyewe mara saba, kisha 0.5 mara tatu, na jibu ni 0.78. Aliyeacha sehemu nne atapata 1.12 mara saba na 0.8 mara tatu, na jibu ni 1.13. Mtu wa kwanza alikuwa na karata nzuri, na wastani ulikuwa upande wake. Hata hivyo amepoteza zaidi ya sehemu moja ya tano ya mtaji wake, wala hakuna aliyemwibia. Kilichompunguza ni ukubwa wa dau lake.

Sababu yake ni nyepesi. Anayepoteza nusu hatarudishiwa mtaji wake kwa kupata nusu. Inambidi apate mara mbili ya alichobaki nacho. Hasara huzidisha, haitoi tu. Ndiyo maana wahenga wetu walisema kwamba mtaka yote hukosa yote, wakiwa hawana kikokotoo.

Kanuni ya kupata kiasi bora iliandikwa mwaka 1956 na John Kelly, mtafiti wa Bell Laboratories huko Marekani. Kwa hesabu ya namna yetu yaweza kuandikwa hivi: gawanya uwezekano wa kushinda kwa sehemu inayopotea ukishindwa, toa uwezekano wa kushindwa uliogawanywa kwa sehemu inayopatikana ukishinda. Kwa jaruba letu: 0.7/0.5 toa 0.3/0.3, yaani 1.4 toa 1, jibu ni 0.4. Sehemu nne katika kumi ziachwe, sita zivunwe.

Wazo lenyewe ni la zamani zaidi. Mwaka 1738 Daniel Bernoulli alichapisha huko St Petersburg makala mashuhuri juu ya kupima hatari, na mmojawapo wa mifano yake ni mfanyabiashara mwenye shehena ya kuvushwa baharini, ambaye hali yake huwa bora akiigawa katika vyombo viwili kuliko kuipakia yote katika kimoja. Msomaji wa pwani hatashangaa. Saadani ya karne ya 19 ilikuwa bandari ya misafara, na pembe za ndovu zilizofika hapo kutoka bara zilivushwa hadi Unguja kwa majahazi. Mtu wa bahari hahitaji kufundishwa kwamba chombo kizuri nacho huzama. Anachohitaji kufundishwa ni kugeuza hekima hiyo kuwa namba.

Tazama tena orodha yetu, kwani ina fundisho la ziada. Aliyepungukiwa na kiasi bora, akaacha sehemu 2 badala ya 4, amekosa faida ndogo tu. Aliyekizidisha maradufu, akaacha 8, ameigeuza faida kuwa hasara. Makosa ya pande mbili si sawa. Na kwa kuwa hakuna mtu ajuaye uwezekano wa mvua kwa uhakika, hata kwa msaada wa utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, busara ni kukaa chini ya kiasi ambacho kanuni inakitaja. Waliokuwapo pwani mwaka 1997 na mwanzo wa 1998 wanaikumbuka mvua ya El Niño, iliyonyesha katika miezi ambayo watu walizoea jua. Anayeukadiria uwezekano wake kwa mazoea ajiachie nafasi ya kukosea.

DAU LIKIWA SIFURI

Sasa nifikie jambo linalonifanya niandike. Hivi leo vijana wengi, pamoja na wanafunzi ambao sheria haiwaruhusu kucheza kabla ya kutimiza miaka 18, wanaweka fedha katika ubashiri wa mpira kwa simu. Wanachagua timu kadhaa zenye nguvu na kuziunganisha katika kile wanachokiita mkeka. Mkeka wa timu kubwa unaonekana kuwa karata nzuri kupita zote. Tuupime.

Tuseme umechagua timu tano, na kila moja ina uwezekano wa 0.8 wa kushinda. Kampuni, kwa mfano, inalipa shilingi 1.20 kwa kila shilingi moja katika kila timu. Uwezekano wa zote tano kushinda ni 0.8 ikizidishwa yenyewe mara tano, nao ni 0.33 tu. Malipo ni 1.2 mara tano, yaani shilingi 2,488 kwa kila 1,000. Wastani wa kinachorudi ni shilingi 815 hivi. Katika kila elfu moja, shilingi 185 zimekwenda kabla mpira haujapigwa. Tukiitumia kanuni ya Kelly hapa, ambapo anayeshindwa hupoteza dau lote, jibu linakuwa chini ya sifuri. Maana yake ni kwamba hakuna kiasi kilicho sahihi. Si elfu kumi, si elfu moja, si mia. Dau sahihi ni sifuri.

Kijana aliyeambiwa tu kwamba kamari ni mbaya atamsikiliza mwalimu darasani na kumsikiliza mwenzake barabarani, na mwenzake ana mfano wa jirani aliyeshinda. Kijana aliyeikokotoa mwenyewe ile 815 ana kitu cha kushika. Ninaamini, kwa hiyo, kwamba wanaosema kufundisha hesabu za dau ni kufundisha kamari wamekosea. Hesabu hizi ndizo zinazoonyesha tofauti iliyopo kati ya mwenye jaruba, ambaye hatari yake ina faida ndani yake ikipimwa vizuri, na mwenye mkeka, ambaye hatari yake haina.

LA KUFANYA DARASANI

Katika shule zetu uwezekano hufundishwa kwa sarafu, dadu na mipira ya rangi. Mwanafunzi hufundishwa kuhesabu nafasi, na hapo somo hukoma, kana kwamba maisha yatamwuliza tu kama mvua itanyesha. Maisha yatamwuliza apande ekari ngapi kabla ya mvua za kwanza, akope kiasi gani, auze mahindi mangapi leo na abakize mangapi. Karibu kila mara atakuwa na karata nzuri iliyo hatarini. Ni nadra kupewa iliyo kamili.

Napendekeza zoezi moja lisilohitaji maabara wala fedha. Mwalimu atie katika mfuko maharage saba na punje tatu za mahindi. Kila mwanafunzi aanze na alama 100 katika daftari lake, na kabla ya kila raundi aandike sehemu ya alama zake atakayoiacha hatarini. Mwanafunzi mmoja achomoe mbegu bila kutazama. Ikiwa ni haragwe, sehemu iliyoachwa iongezeke kwa 30 katika 100. Ikiwa ni hindi, ipungue kwa 50 katika 100. Mbegu irudishwe mfukoni, mfuko utikiswe, na raundi ya pili ianze. Baada ya raundi kumi, alama ziandikwe ubaoni pamoja na sehemu ambayo kila mmoja alikuwa akiiacha.

Katika darasa moja aweza kutokea mwenye pupa akaibuka wa kwanza, kwa kuwa mahindi hayakuchomolewa. Mwalimu asifadhaike, arudie mchezo mara tatu au nne, na wanafunzi wataona wenyewe jinsi vinara wa mara ya kwanza wanavyoporomoka. Hapo ndipo awaulize: kosa lilikuwa kuweka dau, au lilikuwa kiasi cha dau? Mwanafunzi atakayeweza kulijibu swali hilo kwa namba zake mwenyewe atakuwa amepata elimu ambayo mwenye jaruba wa Saadani huilipia kwa chumvi yake.